Nyimbo za Eastlands Zilizovunja Rekodi

Mabishano ya muziki Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi, hayana mwisho kwa kuwa kila mtu huja na kipimo chake. Mzee aliyekulia Kaloleni atakuambia hakuna kilichowahi kulipita dansi la ukumbini. Mwenzake wa Jericho anaapa kwa benga. Aliyepanda matatu za Buruburu miaka ya 1990 hataki kusikia habari za wote wawili. Orodha hii haitawapatanisha. Ni rekodi tu: nani aliuza zaidi, nani alifika mbali zaidi, nani aliwaudhi wakubwa zaidi, kuanzia miaka ya 1960 mpaka karne ilipofungwa, pamoja na wajukuu wachache wa miaka ya 2000.

Dai langu ni moja, na ruhusa ya kunipinga mnayo. Eastlands haikuacha mtindo kwa kuchoka masikio. Iliuacha kila chombo cha kuubebea kilipobadilika. Ukumbi ulizidiwa na santuri, santuri ikazidiwa na kaseti, kaseti ikapanda matatu, kisha kompyuta ikaja ikawavuruga wote.

Sakafu kongwe zaidi

Pumwani ndio mtaa mkongwe. Ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Memorial Hall yake ikawa mahali pa ngoma, taarabu na baadaye dansi la magitaa. Kaloleni ilikuja miaka ya 1940, ikajengwa kwa mikono ya wafungwa wa vita Waitaliano, nayo ikapewa ukumbi wake. Serikali ya mkoloni ilitaka Mwafrika alale upande huu wa jiji, na ilitaka pia ijue yuko wapi Jumamosi usiku. Kumbi zilikuwa za burudani na za kuchunga watu kwa wakati mmoja.

Matokeo yake hayakupangwa na mtu. Mluo, Mkamba, Mluhya, Mkikuyu, Mtaita na Mswahili wa Pwani walijikuta kwenye sakafu moja, na mwimbaji aliyetaka wote wainuke alilazimika kuimba Kiswahili. Dansi la enzi za mwanamuziki Fundi Konde lilienea kwa njia hiyo.

Mtindo uliowaka na kuzimika upesi zaidi

Twisti, bila mpinzani. Daudi Kabaka aliitwa mfalme wake, na pale Equator Sound Studios ya Charles Worrod, Kabaka, Fadhili William, Nashil Pichen, Peter Tsotsi na Gabriel Omolo walikuwa wakipishana kwenye maikrofoni moja. Magitaa yalikuwa na deni kwa Afrika ya Kusini na kwa Zambia, kwani Pichen na Tsotsi walitokea Zambia. Twisti ilishika kasi miaka ya 1960, na miaka ya 1970 ilipoingia ilikuwa tayari ni nyimbo za ukumbusho. Redio baadaye ilizipa jina la Zilizopendwa, na jina hilo limewatoa jasho wanamuziki waliokuwa bado hai na bado wanatunga.

Uliouza kuliko yote

Hapa nampa Gabriel Omolo. Alipoachana na Equator alikuwa na bendi yake, Apollo Komesha, na mwaka 1972 akatoa "Lunchtime". Idadi inayotajwa ni zaidi ya nakala 150,000, na ilimletea diski ya dhahabu. Ulipigwa Afrika Mashariki yote na ukapata wapenzi mpaka Afrika Magharibi.

Ukitaka kujua kwa nini, simama Jogoo Road saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Barabara hii, iliyoitwa Doonholm Road zamani, imekuwa ikimwaga watembea kwa miguu kutoka Makongeni, Mbotela, Maringo na Jericho kuelekea mjini na Industrial Area tangu mitaa hiyo ijengwe. Aliyefika kazini kwa miguu hawezi kurudi nyumbani saa saba mchana kula. Omolo alitunga wimbo wa saa hiyo moja tu: mwenye nazo anakwenda kula, asiye nazo anajilaza kwenye nyasi za bustani mpaka muda wa kazi ufike. Hakuhubiri wala hakumlaumu mtu. Alimwangalia karani na kibarua, akacheka nao. Kila aliyenunua santuri ile alijua yeye ni yupi kati ya hao wawili.

Itazame na santuri yenyewe. Ni ile ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika, tundu kubwa katikati, ambayo bila kile kipande cha plastiki cha kujazia tundu haikai kwenye mashine ya nyumbani. Upande mmoja unabeba dakika nne au tano hivi. Kwa hiyo wimbo mrefu ulikatwa vipande viwili: Part 1 maneno, Part 2 magitaa. Vijana wa leo wanaposikia wimbo wa benga au wa Lingala unakatika ghafla katikati ya utamu, wanadhani faili imeharibika. La hasha. Hapo ndipo mtu aliponyanyuka kwenye kiti, akageuza santuri, akarudi kumshika mwenzake. Watunzi walizoea kukata wimbo hapo hapo, na ule mgawanyo wa maneno kwanza, magitaa baadaye, ukawa sura ya muziki wenyewe.

Kuhusu malipo, wengi wa waliorekodi zama hizo walilipwa mkupuo mmoja, wakaondoka. Chama cha Hakimiliki za Muziki, MCSK, kilianzishwa mwaka 1983, miaka 11 baada ya "Lunchtime".

Waliofika mbali zaidi

Wengi watataja "Malaika" kabla hawajafikiri. Fadhili William aliurekodi na Jambo Boys mwanzoni mwa miaka ya 1960, na tangu hapo umeimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte, Boney M, Angélique Kidjo na wengine wengi. Ubishi wa nani aliutunga haukuisha. Adam Salim wa Tanzania alidai ni wake, na yuko aliyeamini na aliyekataa. Kwa idadi ya sauti zilizouimba, hauna mfano Afrika Mashariki. Nyuma yake yuko Kabaka tena: "Helule Helule" uliimbwa Kiingereza na Tremeloes wa Uingereza mwaka 1968, ukafika nafasi ya 14 kwenye chati za huko. Sidhani kuna wimbo mwingine wa Nairobi uliowahi kuwachezesha Waingereza bila wao kujua umetoka wapi.

Hata hivyo rekodi hii naipeleka kwingine. Wimbo mmoja kusafiri ni jambo moja, mtindo mzima kuhama nchi ni jambo jingine. Phares Oluoch Kanindo alikuwa mfanyabiashara wa santuri za benga, mwenye lebo kadhaa, mojawapo ikiitwa Sungura. Santuri zake zilishuka kusini mpaka Zimbabwe. Wazimbabwe wakayasikia yale magitaa mawili yanayofukuzana kama nyatiti, wakayapenda, na kwa kuwa hawakujua jina la muziki wakasoma kibandiko. Mpaka leo benga huko huitwa kanindo, na mtindo wao wa magitaa unaopendwa kuliko mingine, ule wa Sungura Boys na baadaye Alick Macheso, unaitwa sungura. Kanindo mwenyewe aliishia kuwa mbunge.

Benga lenyewe halikuzaliwa Eastlands. Lilitoka Nyanza, na bingwa wake mkubwa, Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, alizaliwa upande wa Tanzania. Eastlands ilikuwa soko lake. Baada ya mechi pale City Stadium, washabiki wa Gor Mahia waliotawanyika Kaloleni na Makongeni hawakuhitaji tangazo kujua waende baa ipi. Baa yenye spika ya kutosha ilijaa. Isiyo nayo iliuza soda.

Mdundo ulioigwa zaidi

Cavacha. Ni pigo la ngoma lililoenezwa na vijana wa Zaiko Langa Langa wa Kinshasa: fimbo zinakimbia bila kupumua kwenye ngoma ndogo, na magitaa yanapata barabara iliyonyooka ya kupita. Katikati ya miaka ya 1970 Nairobi nzima ilikuwa imelimeza. Wakongo walikuwa wakimiminika: Super Mazembe walitua mwaka 1974, Baba Gaston akaja mwaka 1975, na mwaka uliofuata sehemu ya bendi yake ikamkimbia, ikawa Les Mangelepa. Samba Mapangala aliingia mwaka 1977 kupitia Uganda. Nairobi ilikuwa na studio, kiwanda cha kufyatua santuri na makampuni yaliyokuwa yakitafuta sauti mpya, na Mkongo alijua kupiga gitaa kwa mshahara.

Kutoka kwa Baba Gaston kuna rekodi ndogo ambayo haitavunjwa karibuni. "Kakolele Viva Christmas" ndio wimbo wa hapa ambao hauhitaji kampuni wala tangazo. Desemba ikifika unajitokeza wenyewe kwenye kila kinyozi, kila duka la mitumba na kila basi la kwenda ushago, na tarehe mbili Januari unatoweka.

Waliouchukua mdundo huo na kuupoza ni Watanzania. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walifika na Simba Wanyika mwaka 1971, na mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitenga, wakawa Les Wanyika. "Sina Makosa" ulifuata muda mfupi baadaye. Nauweka kuwa wimbo uliozeeka vizuri kuliko wote kwenye orodha hii, na sababu ni besi ya Tom Malanga. Haikimbii. Inasema neno, inanyamaza, inasema tena, na ule ukimya wa katikati ndio unaomfanya mtu wa miaka 20 leo adhani wimbo umetoka mwaka jana. Bendi za harusi hazithubutu kuuacha nje.

Amri iliyodumu muda mfupi zaidi

Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba robo tatu ya muziki wake iwe ya Kenya. Amri haikudumu. Walalamikaji walikuwa wengi kuliko santuri zilizoandaliwa, na vipindi vikarudi vilivyokuwa. Miaka michache baadaye serikali ilianza kuwakazia wanamuziki wa Kongo vibali vya kazi na bendi zikasambaratika, lakini hilo nalo halikumfaidi mwanamuziki wa Kenya. Nafasi ile ilichukuliwa na disko.

Disko nitaipita haraka, na wapenzi wake watanisamehe. Ilikuwa na mavazi mazuri, ikawafanya vijana wa Uhuru na Buruburu washinde Jumapili mchana mbele ya kioo, lakini muziki ulinunuliwa Marekani ukiwa tayari umeiva. Eastlands ilileta miguu tu.

Kaseti iliyokuwa hatari zaidi kukutwa nayo

Kaseti ndiyo iliyoiua santuri, na ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990 kufyatua santuri Nairobi kulikuwa kumekwisha. Iliwaua wenye kampuni pia, kwani mtu yeyote mwenye mashine ya kaseti mbili alikuwa kiwanda. Mgongoni kaseti ina vijino viwili vya plastiki. Kampuni ilivivunja ili usirekodi juu yake. Wewe uliviziba kwa kipande cha selotepu, na mahubiri ya mtu yakageuka kuwa nyimbo za Virunga, bendi ya Mapangala. Waimbaji wa Injili walikuwa wa kwanza kuelewa biashara hii. Faustin Munishi kutoka Tanzania alikuwa akiziuza kaseti zake mwenyewe mkononi, huku makampuni yakilia kuhusu wezi.

Uhuru huo wa kaseti ulikuwa na upande wa siasa. Mei 1990 vibanda vya Muoroto, karibu na stendi ya mabasi ya Machakos, vilibomolewa kwa nguvu. Julai mwanasiasa Kenneth Matiba, aliyedai vyama vingi, akatiwa kizuizini, na tarehe 7 ya mwezi huo umati ukaenda uwanja wa Kamukunji licha ya mkutano kupigwa marufuku. Katika miezi hiyo kaseti za Kikuyu zilizoimba mateso ya Matiba na ya watu wa Muoroto zilikuwa zikipita mkono kwa mkono na kupigwa kwenye matatu. Polisi wakaanza kuwakamata wauzaji. Serikali ilikuwa na redio yote ya nchi mikononi mwake, na bado ikaikimbilia kaseti ya shilingi chache. Kwa maoni yangu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo ambayo muziki wa mtaani umewahi kupewa.

Redio kubwa kuliko zote haikuwa na leseni

Capital FM, stesheni ya binafsi, ilianza mwaka 1996. Kabla ya hapo, aliyetaka kujua wimbo mpya alipanda matatu, hasa za namba 58 za Buruburu. Wufa ilikaa chini ya kiti cha nyuma na spika ndogo zikapangwa darini. Abiria wa nyuma alishuka Jogoo Road magoti yakitetemeka. Kulikuwa na wanafunzi walioacha matatu tatu zipite zikiwa na nafasi, wakingoja ile yenye kaseti waitakayo. Dereva ndiye aliyekuwa mtangazaji, na makanga akawa mtafiti wa soko: wimbo ulioleta abiria ulibaki, usioleta ulitolewa kabla ya kufika soko la Burma.

Hapa ndipo gitaa liliposhindwa. Spika hizo zilitaka besi, na muziki uliotengenezwa kwa besi wakati huo ulikuwa ragga, R&B na rapu.

Badiliko kubwa zaidi ndani ya muda mfupi zaidi

Kati ya 1997 na 2000 Eastlands ilibadilika kuliko ilivyobadilika miaka 20 iliyotangulia. Rapu ya Kiswahili haikuanzia hapa: Saleh Jabir wa Dar es Salaam alikuwa ameshairapu "Ice Ice Baby" kwa Kiswahili mwaka 1991. Nairobi ilipoamka, iliamka kwa lugha zote. Hardstone, aliyezalishwa na Tedd Josiah, alitoa "Uhiki" mwaka 1997 akichanganya Kikuyu na mahadhi ya Marvin Gaye. Poxi Presha alirapu Kijaluo.

Kisha wakaja vijana watatu wa Dandora: Kama, Roba na Johny Vigeti. Kalamashaka. Dandora ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, mtu akipewa kiwanja chenye msingi, choo na maji ili ajijengee mwenyewe. Jaa la taka la jiji liliwekwa pembeni mwake miaka hiyo hiyo. Waliozaliwa mtaa ulipozaliwa walikuwa wamefikia umri wa kusema, na "Tafsiri Hii" ndio ulikuwa usemi wao. Kabla ya hapo rapa wengi wa Nairobi walijitahidi wasikike wametoka Brooklyn. Kalamashaka walisikika wametoka Dandora, kwa Kiswahili kizito, kisicho na haraka, na stesheni zilizozoea Kiingereza zikaupiga kwa sababu wasikilizaji walikuwa wakiupigia simu. Albamu yao "Ni Wakati" ilitoka mwaka 2001. Pembeni yao kulizaliwa kambi ya Mau Mau, ambayo ilipoungana na Ukoo Flani wa Mombasa ikawa Ukoo Flani Mau Mau, kundi lenye majina mengi kiasi kwamba jukwaa moja haliwatoshi.

Kwa uzito wa athari nawapa Kalamashaka taji. Kwa mauzo hawamfikii Omolo hata kwa mbali, na pesa walizoona zilikuwa kidogo kuliko umaarufu wao.

Mitaa iliyobandikwa kwenye majina

K-South ni Kariobangi South, ndiko walikotoka Bamboo, Doobiez na Abbas. California ndiyo inayoongoza. Kwenye mtaa huo mdogo ulio karibu na Eastleigh, Clemo alianzisha Calif Records karne mpya ilipoanza, Jua Cali akalitwaa jina la mtaa, na Nonini akaitwa baba wa genge, mtindo wa rapu uliotoka hapo. Genge ilihitaji kompyuta moja na chumba kimoja. Hapakuwa na ngoma wala mpiga besi wa kulipwa, na kwa mara ya kwanza mwanamuziki wa Eastlands hakulazimika kutoka mtaani mwake ili arekodi.

Ukoo mrefu zaidi

Vicky Longomba alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa OK Jazz pale Léopoldville. Mwanawe Lovy aliimba na Super Mazembe hapa Nairobi. Wajukuu, ndugu Christian na Lovy, ndio Longombas wa "Dondosa" na "Vuta Pumz". Rumba, Lingala ya Nairobi, kapuka: babu, baba, wana. Sijui familia nyingine iliyopita vyombo vyote, santuri mpaka kompyuta.

Nafasi finyu zaidi

Hesabu majina ya wanawake niliyoyataja juu. Ni Makeba na Kidjo, na hakuna aliye wa hapa. Kosa si la orodha. Bendi zilikesha baa, na binti wa Maringo aliyetaka kuimba alipelekwa kwaya. Princess Jully alipata bendi baada ya kifo cha mumewe, Prince Jully, akaimba "Dunia Mbaya" kuhusu ukimwi wakati viongozi walikuwa bado wanaongea kwa mafumbo. Alikuwa wa benga na wa Nyanza, lakini miaka hiyo hapakuwa na mtaa wa Eastlands usiomsikia.

Hasara kubwa zaidi

Mikanda mikuu ya nyimbo nyingi zilizotajwa hapa haijulikani iliko. Kampuni zilifungwa, nyingine zikauzwa, mikanda ikarekodiwa juu yake au ikaoza. Kilichobaki ni santuri zilizo chini ya vitanda. Ketebul Music ya Tabu Osusa ilianza kuokoa sehemu, na mwaka 2008 ikatoa kazi yake kuhusu benga, lakini taasisi moja haiwezi kuingia kila nyumba ya Bahati na Shauri Moyo.

Kwa hiyo ukikuta santuri ya 45 kwa mzee wako, usiitupe na usimpe mwuza vyuma. Soma kibandiko: jina la mtunzi kwenye mabano, bendi, lebo na namba. Piga picha pande zote mbili, umwulize mzee nani alipiga gitaa, uandike. Jina na namba vikiwepo, familia ya mtunzi ina pa kuanzia inapokwenda kudai mrabaha.